Kijana huyu hahitaji msindikizaji, anahitaji kituo kisichohamahama

Ndugu Mhariri,

Msomaji wako mmoja ameandika katika safu hii akitaka watu wenye ulemavu wa akili wasipandishwe mabasi ya abiria bila msindikizaji. Hoja yake ni usalama: wao wenyewe wanaweza kupotea, na abiria wengine wanaingiwa na hofu. Ametoa pia pendekezo la magari maalumu ya kuwabeba peke yao. Ameandika kwa adabu na siitilii shaka nia yake. Lakini mimi ni dereva wa basi la abiria, na watu anaowazungumzia nawaona kila siku kwenye kioo kilicho juu ya kichwa changu. Naomba nafasi nimjibu.

Katika njia ninayoendesha kuna kijana anayepanda asubuhi kwenda kazini. Anafanya kazi kwa dobi, anakunja mashuka. Hajui kusoma, hesabu ya chenji inamshinda, na ukimuuliza maswali mawili kwa mkupuo hajibu hata moja. Nauli yake huja ndani ya bahasha ndogo, imeshahesabiwa nyumbani, ya kwenda na bahasha yake, ya kurudi na yake. Hukaa kiti cha nyuma yangu. Hunisalimia salamu ileile nami humjibu jibu lilelile, kwa kuwa nimeona nikileta utani mpya anashtuka na kuanza kuniangalia kama vile nimebadilishwa. Hajawahi kunipotezea dakika moja. Wanaonipotezea muda ni wale wenye akili zao timamu wanaomkabidhi kondakta noti kubwa kuliko zote kisha wakagombana naye njia nzima.

Mama yake ndiye aliyemfundisha kusafiri, na namna alivyomfundisha inafaa isimuliwe, maana wengi hudhani kijana kama huyu aliachiliwa tu barabarani. Alianza kwa kukaa naye bega kwa bega. Kila tulipokaribia kituo alimgusa mkono na kumwonyesha kitu kimoja nje ya dirisha: tangi la maji, ukuta wa bluu, daraja. Vitu hivyo alivichagua kwa makini. Mwanzoni alimwonyesha bango kubwa la tangazo la sabuni, kisha akaliacha, kwa sababu mabango hubadilishwa, na siku sabuni ikiondoka kijana angebaki hana alama. Gari lililoegeshwa halifai. Mchuuzi hafai, anaweza kuugua asije. Tangi la maji halihami. Baadaye mama akahamia viti vya katikati, halafu kiti cha mwisho kabisa, akijifanya hamjui mwanawe. Halafu akawa hapandi basi letu, anapanda linalofuata. Siku moja akamtuma mfanyakazi mwenzake, mtu ambaye kijana hakuwahi kumwona, aketi jirani naye na kumwalika kwa maneno matamu washuke pamoja kituo kisicho chake. Kijana alikumbatia mkoba wake akasema, “Sishuki hapa,” kwa sauti iliyofanya basi zima ligeuke. Mama alifurahi kana kwamba amesikia matokeo ya mtihani wa taifa.

Mfukoni kijana ana kadi yenye namba ya simu ya nyumbani na sentensi moja ya kumwonyesha dereva au muuza duka endapo atapotea. Kuionyesha kadi hiyo nako alifundishwa, tena na tena, kwa sababu kuwa na kadi ni jambo moja na kukumbuka kuitoa ukiwa umejawa na hofu ni jambo jingine.

Mama huyo hakusomea kazi hiyo popote. Aliniambia, “Baba, mimi sitaishi milele, na basi litakuwepo.” Kumbe alichokifanya kwa akili yake, kwingine kimeandikwa kwenye kanuni. Marekani, kanuni za elimu maalumu zinayataja mafunzo ya kusafiri kuwa sehemu ya elimu anayoweza kupangiwa mwanafunzi mwenye ulemavu mkubwa wa akili: ajifunze kuyatambua mazingira anamoishi na kwenda kwa usalama kutoka mahali hadi mahali. Walimu wa huko hupita njia ileile ya mama yule, kumkaribia mwanafunzi na kumwachia kidogo kidogo, na hata mtego wa mtu asiyefahamika wanao.

Sasa nije kwenye suala la msindikizaji. Msomaji wako hakusema msindikizaji huyo ni nani. Mimi nitasema, maana nawajua kwa sura: ni mama, ni dada, mara chache ni baba. Ni mtu ambaye naye ana kazi, ana wagonjwa wengine, ana magoti yake mwenyewe. Ukiweka sharti kwamba kijana asisafiri bila yeye, umefunga safari za wawili kwa kamba moja. Mama akiugua, kijana haendi kazini. Mama akifa, kijana haendi popote. Na nauli inakuwa ya watu wawili kwa ujira wa mmoja.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu watu wenye ulemavu imetungiwa kanuni za usafiri, na kanuni hizo zinakataza waziwazi mwendesha usafiri kumlazimisha mtu mwenye ulemavu awe na msindikizaji. Kwenye ndege mambo ni tofauti kidogo: shirika linaweza kudai mtu wa kumsaidia abiria ambaye, kwa sababu ya ulemavu wa akili, hawezi kabisa kuelewa wala kufuata maelekezo ya usalama. Hilo naona lina mantiki, kwa kuwa ndege ikipata dharura hakuna pa kusimamisha ukashuka. Lakini tazama sharti lenyewe linavyopimwa: huyu mtu mmoja, hili jambo moja, anaweza au hawezi. Halisemi “watu wa aina hii”.

Hapo ndipo mimi na msomaji wako tunapoachana. Yeye anauliza kama watu hawa wanaweza kusafiri peke yao. Kijana wangu wa mashuka anaweza kusafiri peke yake katika njia yangu. Mpeleke stendi kuu, abadilishe magari mawili, katikati ya kelele za wapiga debe, hawezi. Ni mtu yuleyule, akili ileile, asubuhi ileile. Tofauti iko kwenye njia. Wamarekani wameliona hilo pia: wana magari ya kuitwa kwa ajili ya abiria ambao ulemavu wao hauwaruhusu kutumia basi la kawaida, na mtu anaweza kukubaliwa kutumia gari hilo kwa safari fulani na kukataliwa kwa nyingine anayoimudu kwa basi.

Kuhusu magari hayo maalumu, ambayo msomaji wako anayatamani, yana faida yake na wako ambao bila hayo hawatoki nje. Ila yasifanywe pazia. Huko Marekani yanalazimika kufika maeneo yaliyo ndani ya robo tatu ya maili, yaani kama kilomita 1.2, kutoka njia ya basi. Mbali zaidi ya hapo halazimiki mtu. Nauli yake inaruhusiwa kufika mara mbili ya nauli ya basi. Na abiria huagiza safari tangu jana yake. Nani kati yetu anajua leo kwamba kesho saa kumi atataka kupita kwa rafiki? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006 na kuanza kutumika Mei 2008, unasema katika Ibara ya 20 kwamba watu hawa wasaidiwe kwenda wanakotaka kwa namna na wakati wanaouchagua wenyewe, na kwa gharama wanayoimudu. Wakati wanaouchagua wenyewe. Gari la kuagiza jana halijafika hapo.

Nirudi kwenye njia yangu, maana ndiko kulikonisukuma kushika kalamu. Barabara ilianza kutengenezwa na kituo cha kijana kikahamishwa. Hakikuhamishwa mbali, ni kuzunguka kona tu, mwendo wa dakika chache. Kampuni ninayofanyia kazi ilibandika karatasi kwenye nguzo: aya moja ndefu, herufi ndogo, yenye “kutokana na” na “hivyo basi”, chini muhuri. Abiria wengi hawakuisoma. Waliwafuata wenzao wakaona basi lilipo. Kijana alisimama pale alipofundishwa kusimama. Mabasi yakapita barabara ya pili. Jua likapanda. Alisimama mpaka muuza magazeti alipomwona machozi yanamtoka, akamwomba kadi, akapiga simu.

Kesho yake kwa dobi waliambiwa kwamba kijana “ameshindwa kusafiri”. Neno hilo liliniudhi na linaniudhi mpaka sasa. Yeye hakushindwa kitu. Alifanya sawasawa na alivyofundishwa, mahali palepale, saa ileile. Aliyehama ni kituo.

Nimeendesha muda wa kutosha kujua kwamba mambo yanayowaangusha abiria hawa karibu yote ni ya namna hiyo, na karibu yote tunayafanya sisi. Tunageuza gari kabla ya mwisho wa safari kwa kuwa abiria wamepungua: “Mwisho hapa, shukeni wote.” Kwako ni hasira na matusi mawili, kwa yeye barabara aliyoikariri imekatika na mahali aliposhushwa hajawahi kupaona. Tunapita kituo na kusimama mbele kidogo kwa sababu pana dimbwi. Tunaondoa gari kabla mtu hajakaa. Kondakta anauliza “Wapi, umelipa, sogea” kwa pumzi moja. Muziki unapigwa mpaka vioo vinatetema, na mwenye usonji anaziba masikio na kuanza kujitikisa, halafu abiria wanasema amelewa. Hapo ndipo inapozaliwa ile hofu ambayo msomaji wako ameiandikia.

Watu wakisikia habari ya usafiri na ulemavu wanawaza kiti cha magurudumu na ngazi. Si ajabu: hata alama inayotumika duniani kote kwa ulemavu ni ya kiti cha magurudumu, aliichora Susanne Koefoed wa Denmark mwaka 1968. Kazi iliyofanywa kwa ajili ya viti hivyo ni kubwa na bado haitoshi, sisemi ipunguzwe. Lakini kijana wangu anapanda ngazi vizuri kuliko mimi. Ngazi yake yeye imejengwa kwa herufi, namba, haraka na mabadiliko, na hiyo hakuna fundi anayeitwa kuibomoa.

Wala kuibomoa si jambo la mabilioni. Mji wa Mexico ulipofungua treni zake za chini ya ardhi mwaka 1969, kila kituo kilipewa picha yake, kazi iliyoongozwa na mchoraji Lance Wyman, na kila njia rangi yake. Kituo cha Chapultepec kina panzi, kwa kuwa jina lenyewe katika lugha ya Kinahuatl ni kilima cha panzi. Wakati ule walikuwepo wakazi wasiojua kusoma. Picha hizo zipo hadi leo, na asiyejua kusoma, mgeni asiyejua Kihispania, mtoto na mzee aliyeanza kusahau wote wanashukia panzi. Mabasi yetu yana namba tu, nazo mara nyingi zimefutika nusu, 3 inaonekana 8. Kuchora panzi ubavuni mwa basi kunahitaji rangi na mtu mwenye mkono mzuri.

Lingine ni kutangaza vituo. Kanuni hizohizo za Marekani zinataka vituo vikubwa na vya kubadilishia magari vitangazwe kwa sauti ndani ya basi. Zililenga hasa wasioona, lakini sauti inayosema jina la kituo kabla ya kufika inampa kijana nafasi ya kujiandaa na kusimama bila kukurupuka. Kondakta wangu sasa hufanya hivyo bila kipaza sauti. Ana koo la kutosha.

Uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, ulianzisha mwaka 2016 utepe wa kijani wenye maua ya alizeti unaovaliwa shingoni na mtu mwenye ulemavu usioonekana, ili wahudumu wajue anahitaji muda zaidi. Umeenea nchi nyingi. Mimi kwenye uwanja wa ndege nauunga mkono. Kwenye basi nasitasita, kwa kuwa utepe unaomwambia kondakta mwema unamwambia na mwizi pia. Avae anayetaka. Isije ikawa sharti, halafu asiye nao akaambiwa hana haki ya kungojewa.

Niseme kuhusu hatari, maana nisipoisema msomaji wako atadhani naificha. Hatari ipo. Watu wenye ulemavu wa akili huibiwa, hulaghaiwa, na wanawake miongoni mwao hudhalilishwa kijinsia kwa kiwango kinachozidi wanawake wengine. Nimewahi kumshusha mwanamume kwenye gari langu kwa sababu hiyo na ningemshusha tena. Lakini wanaojua mambo haya watakwambia kwamba mara nyingi anayemdhalilisha mtu wa namna hiyo ni mtu anayemfahamu: ndugu, jirani, mlezi, na ndiyo, hata anayemwendesha garini. Kumpa kila mmoja msindikizaji kwa lazima si kumwekea ulinzi, ni kumchagulia mtu ambaye hataweza kumkimbia. Binti aliyefundishwa kusema “hapana” kwa sauti, anayejua kituo chake na ana namba ya kupiga, ana kinga ambayo binti aliyefungiwa ndani hana.

Mmarekani mmoja, Robert Perske, aliandika mwaka 1972 kwamba kumkinga mtu na kila hatari ya kawaida ya maisha ni kumvunjia utu wake. Alikuwa akiwasemea watu hawahawa. Nikiwatazama abiria wangu wengine, wanaoning’inia mlangoni na kushuka gari likitembea huku wakiandika kwenye simu, sioni anayewadai msindikizaji.

Naongeza jambo moja kwa madereva wenzangu, kwa kuwa limetokea kwenye gari langu na watu walichanganyikiwa. Kifafa kinawapata watu wenye ulemavu wa akili zaidi kuliko wengine. Abiria akianguka na kutikisika, simamisha gari pembeni. Toa watu wasimsonge, weka kitu laini chini ya kichwa chake. Usimshike kwa nguvu, na usitie kijiko, kidole wala kitu chochote mdomoni. Angalia saa. Mtikisiko ukiisha, mlaze ubavu na ukae naye mpaka azindukane. Ukizidi dakika 5, au ukirudi kabla hajazindukana, huyo ni wa hospitali mara moja. Na tafadhali, asiwepo wa kusema amepagawa. Atakapozinduka kitu cha kwanza atakachosikia ni hicho.

Barabara yetu inakaribia kukamilika, na kituo kitarudishwa mahali pake pa zamani. Kwa abiria wengi ni habari njema. Kwa kijana wangu, ambaye mama yake alichukua likizo isiyo na malipo kumfundisha kona mpya, ni kuanza upya. Nimewaomba wakubwa wangu mambo matatu: watangaze siku ya kuhamia wiki mbili kabla, wabandike picha ya kituo, siyo aya, na kwa siku chache za mwanzo wamweke mtu pale kituo kinapoondoka, wa kuwaelekeza watakaokuja kusimama. Nimeambiwa ombi langu linashughulikiwa. Msomaji wako, kama anapenda, aandike tena safari hii akiomba hayo pamoja nami, maana barua za watu wawili hazitupwi kirahisi kama ya mmoja.

Wako,
Dereva wa basi la abiria
(Jina langu unalo, Mhariri, naomba lisichapishwe, kwa ajili ya kijana na kwa ajili ya kazi yangu.)